Kuondoa Mapengo Kati ya Nyimbo Zinazofuatana Kwenye Kompyuta: Mwongozo Kamili

Katika mikoa ya Mbeya, Iringa, Njombe na Songwe, sehemu kubwa ya muziki unaorekodiwa nje ya studio ni muziki usiosimama. Kwaya kwenye mkesha huunganisha pambio na pambio bila kunyamaza, mpiga kinanda akishikilia sauti ya mwisho mpaka kiongozi aanzishe nyingine. Ngoma za Wanyakyusa kule Rungwe hubadili mwendo huku wapigaji wakiendelea, na mpiga ligombo wa Iringa husimulia, akaimba, akasimulia tena juu ya nyuzi zilezile. Rekodi ya namna hiyo ikikatwa vipande ili kila wimbo uwe na faili lake, kompyuta nyingi huingiza kimya kifupi au mlio mkavu kila zinapovuka kutoka faili moja kwenda jingine. Msikilizaji hushtuka, mwendo wa ngoma hujikwaa, na wanakwaya wenyewe hushindwa kuitambua kazi yao.

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya fundi mitambo wa kanisa, katibu wa kwaya, mtunza kumbukumbu wa kikundi cha ngoma, na mtu yeyote mwenye kompyuta mpakato ya kawaida anayetaka muziki uliorekodiwa kwa mfululizo usikike kwa mfululizo. Pengo la namna hii halitibiwi kwa kubadili mipangilio ovyo, bali hutafutwa kwanza liko wapi. Lina makao matatu tu: ndani ya faili lenyewe, ndani ya programu inayocheza, au njiani kati ya programu na spika. Mara nyingi liko ndani ya faili, na ndiyo sababu watu wengi hubadilisha programu, wakabadilisha na kompyuta, bila kupata nafuu yoyote.

Pengo linatoka wapi

Sauti ya kiwango cha CD huhifadhiwa kama sampuli 44,100 kwa kila sekunde, kwa kila upande wa kushoto na wa kulia. Faili la WAV huziandika sampuli hizo zote kama zilivyo. Faili la MP3 huzigawa kwanza katika mafungu yanayoitwa fremu, na kila fremu hubeba sampuli 1,152, si zaidi wala si pungufu. Wimbo hauna sababu ya kuishia juu ya mpaka wa fremu, hivyo programu inayobana sauti hulazimika kuijaza fremu ya mwisho kwa kimya. Zaidi ya hapo, hesabu za kubana sauti zenyewe huhitaji nafasi ya kuanzia, na kwa hiyo kimya kingine huongezwa mwanzoni.

Tuchukue wimbo wa dakika 3 kamili. Una sampuli 7,938,000. Programu ya LAME, ambayo ndiyo iliyotengeneza sehemu kubwa ya mafaili ya MP3 tunayokutana nayo, huongeza sampuli 576 mwanzoni, kisha huongeza nyingine 1,008 mwishoni ili zitimie fremu 6,892. Jumla ya ziada ni sampuli 1,584, yaani karibu milisekunde 36. Kwa wimbo unaoanza na kuisha kwa kimya, hakuna atakayeisikia ziada hiyo. Kwa ngoma inayopigwa mapigo 120 kwa dakika, ambapo kati ya pigo na pigo kuna milisekunde 500, kuchelewa kwa milisekunde 36 ni kujikwaa ambako hata mtoto anayecheza atakuhisi mguuni.

LAME huandika mwanzoni mwa faili kumbukumbu ndogo inayotaja sampuli ngapi ziliongezwa mbele na ngapi nyuma. Programu ya kuchezea inayoisoma kumbukumbu hiyo huitupa ziada na kuunganisha nyimbo kama zilivyokuwa. Isiyoisoma hucheza kila kitu, pamoja na kimya. Na kama kumbukumbu yenyewe imefutika, hata programu bora haina pa kuanzia.

Aina nyingine za mafaili zina hali tofauti. WAV, na FLAC ambayo hubana sauti bila kupoteza hata sampuli moja, hazina ziada kabisa. Ogg Vorbis na Opus hutunza urefu halisi wa sauti ndani ya muundo wenyewe, hivyo mara chache huleta shida. AAC, ambayo kwa kawaida huja katika mafaili yenye mwisho wa m4a, hutumia fremu za sampuli 1,024, na programu za Apple huongeza mwanzoni sampuli 2,112, ambazo ni kama milisekunde 48. Nazo hutegemea kumbukumbu iliyoandikwa ndani ya faili kama ilivyo kwa MP3.

Hatua ya kwanza: tengeneza mafaili ya majaribio

Usianze na nyimbo zako. Huwezi kujua kama kosa ni la kompyuta au la nyimbo mpaka uwe na mafaili ambayo una hakika hayana kosa. Kuyatengeneza ni kazi ya dakika chache kwa programu ya Audacity, ambayo hutolewa bure kwa Windows, Linux na Mac.

Fungua mradi mpya na hakikisha kasi yake ya sampuli ni 44,100. Kwenye menyu ya Generate chagua Tone, weka mlio wa aina ya Sine wenye masafa ya 440, nguvu ya 0.3, na urefu wa sekunde 20. Huo ni mlio mmoja laini usio na mwanzo wala mwisho katikati. Weka kishale kwenye sekunde ya 10 kamili, kisha bonyeza Ctrl na B ili kuweka lebo mahali hapo. Halafu nenda kwenye sehemu ya kutoa sauti (Export), chagua kutoa mafaili mengi yanayogawanywa kwa lebo, na uweke alama kwenye kisanduku kinachoruhusu sauti iliyo kabla ya lebo ya kwanza kujumuishwa. Utapata mafaili mawili ya WAV. Rudia kazi hiyo kwa FLAC, kisha kwa MP3.

Ni muhimu mlio uwe mmoja uliokatwa, wala usiwe milio miwili iliyotengenezwa kila mmoja peke yake, kwa sababu kinachopimwa hapa ni mshono. Mlio laini hauna mahali pa kuficha dosari: kimya cha milisekunde 5, ambacho kingepotea ndani ya kelele za manyanga, husikika waziwazi kama mkwaruzo.

Sasa chomeka spika za masikioni zenye waya, ufungue jozi ya WAV katika programu unayoitumia kila siku, na usikilize mpaka sekunde ya 10 ipite. Fanya hivyo kwa FLAC na kwa MP3, kisha usome matokeo hivi. Ikiwa hata WAV ina pengo, shida iko kwenye programu au njiani, na kuhangaika na nyimbo zako hakutasaidia. Ikiwa WAV na FLAC ziko sawa lakini MP3 ina pengo, programu yako haisomi kumbukumbu ya LAME. Ikiwa jozi zote tatu zinapita bila kosa na bado nyimbo zako zina mapengo, basi nyimbo ndizo zenye ugonjwa. Wengi wataangukia kundi hili la mwisho, kwa hiyo ndilo tutakaloanza nalo.

Hatua ya pili: kagua mafaili yenyewe

Njia ya haraka ni programu ndogo ya ffprobe, ambayo huja pamoja na ffmpeg, programu ya kubadilisha sauti na video. Fungua dirisha la kuandikia amri, nenda kwenye folda yenye nyimbo, na uandike:

ffprobe wimbo03.mp3

Kati ya mistari itakayotokea, tafuta ule unaotaja urefu wa wimbo, ambao huwa na neno start na namba mbele yake. Kwa MP3 ya 44,100 iliyotoka LAME na kubaki salama, namba hiyo huwa 0.025057. Huo ni muda wa sampuli 1,105, yaani zile 576 zilizoongezwa na programu ya kubana pamoja na 529 ambazo huongezeka wakati wa kufungua sauti. Ukiona 0.000000 kwenye faili la MP3, faili hilo halina kumbukumbu: ama halikuwahi kuwa nayo, ama imepotea njiani. Kipimo hiki kitumie kwa MP3 tu, maana m4a ina utaratibu wake na sifuri hapo haimaanishi kosa. Wanaotumia programu ya kuchezea ya foobar2000 kwenye Windows wanaweza kuona habari hiyohiyo kwa kufungua sifa za wimbo, ambapo idadi ya sampuli za mbele na za nyuma huorodheshwa.

Kumbukumbu hupoteaje? Nyimbo zetu hupita mikono mingi. Faili hutoka kwa aliyerekodi, likaenda kwenye kibanda cha kurushia nyimbo pale stendi, likarudi kwenye simu ya mwanakwaya, likatumwa kwenye kundi la WhatsApp, na kila hatua inaweza kulibadilisha. Programu za kukatia milio ya simu hukata MP3 moja kwa moja bila kuiandika upya kumbukumbu. Tovuti za kubadilisha aina ya faili mara nyingi huibana sauti upya. Programu za kuunganisha mafaili huyaweka moja nyuma ya jingine pamoja na vimya vyake vyote. Ukitaka kutuma faili kwa WhatsApp libaki kama lilivyo, litume kama dokumenti.

Katika hayo yote, lililo baya zaidi ni kubana MP3 kutoka MP3 nyingine. Programu inayofungua faili la kwanza bila kuisoma kumbukumbu hukitoa kimya pamoja na muziki, na inayobana upya hukipokea kimya hicho ikidhani ni sehemu ya wimbo. Matokeo yake ni faili lenye kumbukumbu mpya iliyo safi kabisa, linaloonyesha 0.025057 kama inavyotakiwa, na bado lina pengo. Faili la namna hiyo haliponywi na programu yoyote ya kuchezea. Ili kulitambua, lifungue kwenye Audacity na ukuze picha ya mawimbi mpaka uone sampuli moja moja. Kwenye rekodi ya ukumbini hakuna kimya kamili, kwani hata watu wanapotulia kuna mvumo wa vipaza sauti, mabenchi na mvua juu ya bati. Ukikuta mwanzoni mstari ulionyooka bila hata mtetemo, kisha ghafla uhai wa ukumbi ukaanza, umeona kimya cha kuongezwa kwa macho yako.

Tiba ya faili lenye ugonjwa hutegemea kama rekodi ya asili ingalipo. Ikiwapo, itafute na uanze upya kutoka hapo, hata kama ni lazima kumpigia simu fundi aliyerekodi. Muda unaotumika kurekebisha nakala mbovu karibu siku zote huzidi ule wa kutafuta ya asili.

Ikiwa ya asili haipo, fungua mafaili yote ya rekodi hiyo kwenye Audacity kwa mpangilio wake, kata kimya cha ziada mwishoni mwa kila moja na mwanzoni mwa linalofuata, uyasogeze yagusane, usikilize kila mshono, kisha uhifadhi kazi yote kama FLAC. Usirudi kwenye MP3 kwa ajili ya nakala ya kuhifadhiwa, kwa sababu kila mbano mpya hupunguza kitu katika sauti. Mafaili ambayo yamekosa kumbukumbu tu, na ambayo una hakika yalitoka LAME bila kukatwa, yanaweza kuandikiwa upya namba zake ndani ya foobar2000, kwenye menyu ya Utilities, mahali panaposomeka Edit MP3 gapless playback information. Ya mbele huwa 576; ya nyuma unaweza kuikokotoa ikiwa tu unaujua urefu halisi wa wimbo wa asili. Bila kuujua urefu huo, ni afadhali kukata kwa mkono.

Hatua ya tatu: programu ya kuchezea

Ikiwa jaribio la mlio limeonyesha kwamba programu ndiyo yenye kosa, jambo rahisi ni kuibadilisha. Kwenye Windows, foobar2000 hucheza kwa mfululizo tangu inaposakinishwa na huisoma kumbukumbu ya LAME bila kuambiwa. Kwenye Linux, Audacious na DeaDBeeF hufanya kazi hiyo vizuri. VLC ni programu nzuri sana kwa video, na iko karibu kwenye kila kompyuta ya kanisa, lakini matoleo yake ya 3 hayakujengwa kwa kucheza nyimbo bila pengo, na hakuna mpangilio utakaolibadilisha hilo. Anayetumia VLC kwa rekodi za mkesha asipoteze jioni yake akiipekua.

Wanaopenda programu ya mpv wana uchaguzi zaidi. Kwa kawaida huunganisha nyimbo zilizo za namna moja tu, na inapokutana na wimbo wenye kasi tofauti ya sampuli hufunga njia ya sauti na kuifungua upya. Ukiongeza gapless-audio=yes kwenye faili la mipangilio yake, itaishikilia njia ileile mpaka mwisho wa orodha. Mstari wa prefetch-playlist=yes huiambia ianze kufungua wimbo unaofuata kabla unaochezwa haujaisha.

Baada ya kuchagua programu, zima vitu vinavyojifanya msaada. Cha kwanza ni kufifisha wimbo mmoja juu ya mwingine, ambako katika programu nyingi huitwa Crossfade. Kwa muziki wa sherehe hakuna ubaya. Kwa muziki wa mfululizo, kunachukua sekunde kadhaa za mwisho wa wimbo mmoja na kuzilaza juu ya mwanzo wa mwingine, hivyo sauti ambazo ziliimbwa moja baada ya nyingine zinasikika kwa pamoja, na mapigo ya ngoma yanagongana. Ninapinga kabisa kutumia njia hii kuficha pengo, kwa sababu huharibu mipaka yote ili kufunika mmoja. Cha pili ni kuruka kimya, ambacho hukata hata ile mihemo ya kweli kati ya sala na wimbo.

Cha tatu hakitajwi mara nyingi, nacho ni kusawazisha sauti, maarufu kama ReplayGain. Mfumo huu una namna mbili: kupima kila wimbo peke yake, au kupima albamu nzima kama kitu kimoja. Ukichagua namna ya kwanza, pambio la taratibu litapandishwa na la shangwe litashushwa, kisha pale yanapoungana utasikia sauti ikiruka ghafla kama vile mtu amegusa miksa. Hakuna kimya hapo, wala mkwaruzo, na bado mshono unasikika. Weka namna ya albamu.

Angalia pia mpangilio wa nyimbo. Kuchanganya nyimbo ovyo kuzimwe. Majina ya mafaili yaanze na namba zenye tarakimu mbili, 01, 02, 03, vinginevyo programu nyingine zitaweka wimbo wa 10 mara baada ya wa 1, na mshono uliokatwa kwa uangalifu utaunganishwa na mwanzo usio wake.

Hatua ya nne: njia ya kwenda kwenye spika

Ikiwa hata WAV ina pengo kwenye programu inayoaminika, toka nje ya programu. Anza na Bluetooth. Baadhi ya spika za namna hiyo hujizima au hujinyamazisha mara zikikosa sauti kwa kitambo kidogo, kisha huamka zikiwa zimemeza mwanzo wa wimbo. Chomeka waya na urudie jaribio. Pengo likitoweka, umemjua mhusika.

Kinachofuata ni kasi ya sampuli. Rekodi nyingi zinazotoka kwenye kamera za video huwa na kasi ya 48,000, na zile za CD huwa 44,100. Zikichanganywa kwenye orodha moja, na programu ikawa imepewa kadi ya sauti peke yake, kadi hulazimika kubadili kasi kati ya wimbo na wimbo, na wakati wa kubadili haitoi sauti. Njia safi ni kuhakikisha nyimbo zote za rekodi moja zina kasi moja. Ikishindikana, iache programu ipitishe sauti kwenye njia ya kawaida ya Windows au Linux, ambayo hubadilisha kila kitu kiwe kasi moja kabla ya kukifikisha kwenye kadi.

Kisha kuna kubana matumizi ya umeme. Umeme unapokatika na kompyuta mpakato ikahamia kwenye betri, mfumo huanza kuzima vifaa unavyodhani havitumiki. Diski ngumu iliyosimama huhitaji muda kuanza kuzunguka tena, na wimbo unaofuata husubiri. Katika mipangilio ya umeme ya Windows, ondoa muda wa kuzima diski. Kwenye Linux, kadi ya sauti nayo huweza kulala pale programu inapofunga njia kati ya nyimbo. Soma hali yake kwa amri hii:

cat /sys/module/snd_hda_intel/parameters/power_save

Jibu la 0 lina maana kwamba hailali, na namba nyingine ni sekunde za kusubiri kabla ya kulala. Kompyuta isiyo na kadi ya aina hiyo haitakuwa na faili hilo.

Mwisho, usicheze moja kwa moja kutoka kwenye flashi ya zamani. Nakili folda nzima kwenye diski ya ndani. Pale isipowezekana, foobar2000 ina uwezo wa kulisoma faili zima na kuliweka kwenye kumbukumbu ya kompyuta kabla ya kulicheza, kupitia mpangilio wa Full file buffering kwenye sehemu ya Advanced.

Hatua ya tano: kukata rekodi mpya bila kuzaa pengo

Tiba bora ni kutolizalisha pengo. Rekodi yote ya mkesha au ya ngoma ihifadhiwe kwanza kama faili moja lisilobanwa, na lisiguswe tena. Saa 1 ya sauti ya kiwango cha CD katika WAV huchukua takribani megabaiti 635, na FLAC huipunguza sana bila kupoteza hata sampuli moja. Jihadhari na urefu: WAV ya kawaida haivuki gigabaiti 4, ambazo hutosha kama saa 6 na dakika 45. Mkesha unaoanza saa tatu usiku hadi saa kumi na moja alfajiri utauvuka mpaka huo, na mashine nyingine huligawa faili zenyewe bila kukuarifu. Vipande hivyo viunganishwe kabla ya kazi nyingine yoyote.

Kazi za kusafisha sauti, kama vile kupandisha nguvu au kupunguza mvumo, zifanyike kwenye rekodi nzima. Ukizifanya wimbo kwa wimbo baada ya kukata, kila wimbo utapata kiwango chake na mishono itaonekana.

Ndipo uweke lebo. Kwenye Audacity, washa ushikaji wa mipaka (Snap) na uchague kipimo cha fremu za CD, ambazo ni 75 kwa sekunde. Kila fremu ya CD ni sampuli 588, na wimbo usioishia juu ya fremu kamili hujazwa kimya siku utakapochomwa kwenye diski. Mahali pa kukata pachaguliwe kwa sikio. Chukua mfano wa mwisho wa pambio: kwaya inashikilia neno la mwisho, kinanda kinashuka taratibu, na kiongozi anaingia na mstari mpya kabla sauti ya pili haijanyamaza. Wengi hukata kwenye neno la kwanza la kiongozi. Kata nyuma kidogo, kabla ya pumzi anayoivuta, kwa sababu pumzi hiyo ni ya wimbo unaoanza; atakayeucheza wimbo huo peke yake atamsikia mwimbaji akiingia badala ya kurushwa katikati ya sauti. Usififishe mwanzo wala mwisho. Kufifisha sekunde moja kila upande ni kutengeneza pengo kwa mkono.

Toa mafaili kwa lebo kama FLAC kwa ajili ya kompyuta. Kwa wanaohitaji MP3 za simu, yatoe kama WAV kisha uyabane yote kwa amri moja:

lame -V2 --nogap 01.wav 02.wav 03.wav

Amri hii huyabana mafaili kama mkondo mmoja unaoendelea, hivyo hata programu isiyojua kusoma kumbukumbu hupita kwenye mishono vizuri zaidi kuliko kawaida. Kamwe usikate MP3 iliyokwisha kubanwa: fremu za MP3 hukopa nafasi kutoka kwenye fremu zilizotangulia, na fremu ya kwanza baada ya mkato hujikuta imeachwa bila sehemu ya data zake.

Ipo pia njia ya kutokata kabisa, ambayo naipendelea kwa nakala ya kuhifadhiwa. Faili la FLAC hubaki zima, na pembeni yake huwekwa faili dogo la maandishi lenye mwisho wa cue linaloonyesha kila wimbo unaanzia wapi:

FILE "mkesha.flac" WAVE
  TRACK 01 AUDIO
    INDEX 01 00:00:00
  TRACK 02 AUDIO
    INDEX 01 05:12:40

Namba tatu za mwisho ni dakika, sekunde, na fremu za CD, hivyo ya tatu haifiki 75. Programu kama foobar2000 na DeaDBeeF huonyesha nyimbo zikiwa zimetengana kwenye orodha, ilhali sauti haijawahi kukatwa.

Makanisa mengi bado huuza CD siku za tamasha. Katika programu ya kuchomea, chagua namna ya kuchoma diski nzima kwa mkupuo mmoja, inayofupishwa DAO; ile ya wimbo mmoja mmoja, TAO, huacha sekunde 2 za kimya kati ya nyimbo hata kama mafaili yako hayana dosari. Kagua pia kisanduku cha muda wa kimya kati ya nyimbo, kwani programu nyingi hukijaza sekunde 2 zenyewe, na ukiandike 0 kuanzia wimbo wa pili. Choma diski moja, iweke kwenye redio ya kawaida ya nyumbani badala ya kompyuta uliyoitumia kuichoma, na usikilize sekunde chache kabla na baada ya kila mshono kabla ya kuruhusu nakala nyingine zichomwe.